Madigadi, Kepu na Mvua ya Uingereza: Jinsi Baiskeli Ilivyokuwa Chombo cha Kwendea Kazini

Historia ya baiskeli imezoeleka kuandikwa kama historia ya mwendo, ikihesabu mashindano, rekodi na mabingwa, na kila kifaa kipya hupimwa kwa kiasi kilivyomwongezea mwendeshaji kasi. Kipimo hicho kinawafaa wanamichezo, lakini kinaeleza kidogo sana kuhusu mamilioni ya watu ambao kati ya miaka ya 1890 na miaka ya 1950 waliifanya baiskeli kuwa chombo cha kwendea kazini katika nchi zenye mvua za mara kwa mara, hasa Uingereza. Mfanyakazi wa kiwanda cha Coventry au Nottingham aliyepaswa kupita getini kabla king'ora hakijalia hakuwa na haja kubwa ya kwenda mbio. Haja yake ilikuwa kufika akiwa na nguo anazoweza kukaa nazo kutwa nzima, na kurudi jioni bila mnyororo kukwama kwa mchanga na kutu. Ukitumia kipimo hicho cha pili, kifaa kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni madigadi, yaani bamba jembamba lililopindwa kufuata mviringo wa gurudumu ili kuzuia maji na matope yasimrukie mwendeshaji, pamoja na mavazi ya mvua yaliyotegemea kuwapo kwake.

Mashine ya magurudumu mawili ambayo Karl Drais aliiendesha Mannheim mwaka 1817, akiisukuma kwa miguu ardhini kwa kuwa haikuwa na pedeli, ilikutana tangu mwanzo na tatizo la barabara, na hali haikuwa nafuu kwa baiskeli zenye pedeli zilizoenea kutoka Paris katika miaka ya 1860. Barabara nzuri za wakati huo zilijengwa kwa mtindo uliohusishwa na mhandisi wa Kiskoti John McAdam, wa kutandaza matabaka ya kokoto ndogo na kuyashindilia mpaka yashikane yenyewe. Kwato za farasi na magurudumu ya chuma ya mikokoteni viliendelea kuzisaga kokoto hizo mwaka mzima, kiasi kwamba wakati wa kiangazi barabara ilitoa vumbi jeupe, na mvua ikinyesha vumbi hilohilo likawa tope laini linaloganda popote linapotua. Mjini mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu tope hilo lilichanganyika na samadi na mkojo wa farasi wengi waliovuta magari ya abiria na ya mizigo, na London ilikuwa na watu maskini walioishi kwa kufagia vivuko ili wapita njia wenye uwezo wavuke bila kuchafua viatu, huku wakidondoshewa sarafu. Kwa hiyo kilichomrukia mwendesha baiskeli wa mjini katika karne ya 19 kilikuwa zaidi ya maji ya mvua.

Hata hivyo, kwa muda mrefu jambo hilo halikushughulikiwa kwa bidii, na sababu yake ni ya kitabaka zaidi kuliko ya kiufundi. Baiskeli ya gurudumu kubwa, iliyotawala miaka ya 1870 na ambayo gurudumu lake la mbele liliweza kufikia kimo cha mita 1.5, ilikuwa ghali na ya hatari, na walioipanda wengi wao walikuwa vijana wa kiume wenye nafasi, ambao mvua ikitishia wangeweza kubaki nyumbani au kuingia hotelini. Chombo cha burudani huisubiri hali ya hewa ikae sawa. Anayelazimika kutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki, hana ruhusa hiyo.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua mbili zilizofuatana haraka. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaoendesha gurudumu la nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Belfast, akapata hataza ya tairi la upepo. Muundo huo mpya ulimshusha mwendeshaji karibu na ardhi na kumweka katikati ya magurudumu mawili yanayorusha maji, na tairi la upepo, kwa kuwa lilikuwa nene kuliko ukanda wa mpira mgumu uliotangulia, lilizoa maji mengi zaidi kila lilipozunguka. Baiskeli ikawa salama na laini kwa mara ya kwanza, na papo hapo ikawa chafu kuliko ilivyopata kuwa.

Namna maji yanavyoruka inafaa kuelezwa, maana ndiyo inayoamua umbo la madigadi mpaka leo. Tairi huokota maji linapogusa ardhi, kisha huyapandisha kwa upande wake wa nyuma, huyapitisha juu na kuyapeleka mbele; njiani matone huchomoka kwa mstari ulionyooka, kuelekea pale uso wa tairi unapokwenda kwa nukta hiyo. Matone yanayochomoka upande wa nyuma wa gurudumu la mbele hupanda na kugonga miguu, mnyororo na egemeo la pedeli, na yanayofika juu hurushwa mbele ya baiskeli, ambako mwendeshaji huyafuata na kuyapokea usoni. Matone ya gurudumu la nyuma nayo hupanda huku yakiendelea kusonga mbele kwa mwendo uleule wa baiskeli, ndiyo maana hayabaki nyuma yake bali humpiga mgongoni na kuchora ule mstari mweusi unaojulikana na kila aliyepanda baiskeli isiyo na madigadi siku ya mvua. Inafuata kwamba madigadi ya mbele haina budi kushuka chini sana nyuma ya gurudumu, ikiwezekana iongezewe kipande cha ngozi au mpira mwishoni, na kwamba madigadi fupi inayofunika juu tu huonekana nadhifu lakini huacha miguu na mnyororo bila kinga. Watengenezaji wengi wa baadaye wameupuuza ukweli huu, na si kwa kutoujua.

Katika miaka ya 1890 madigadi za bati la chuma zikawa sehemu ya kawaida ya baiskeli za barabarani za Kiingereza. Zilishikiliwa na vijiti vyembamba vya chuma vilivyofungwa kwa skrubu kwenye vitundu vilivyotobolewa ncha za foku na za fremu, na kwa kuwa bati tupu lingeoza kwa kutu katika msimu mmoja, zilipakwa rangi nyeusi nzito iliyookwa kwenye tanuri mpaka ikagandamana na chuma. Ufundi huo ulikuwapo tayari katika miji ya kati ya Uingereza kabla ya baiskeli. John Marston wa Wolverhampton, aliyeanza kutengeneza baiskeli za Sunbeam mwaka 1887, alikuwa na kiwanda cha vyombo vya bati vilivyopakwa rangi ya aina hiyo, na sifa ya baiskeli zake ilitokana kwa sehemu kubwa na ung'avu wa weusi wake na uimara wa rangi yake kwenye mvua. Sunbeam ilijulikana pia kwa jambo la pili: mnyororo wake ulizungukwa na kifuniko kilichozibwa pande zote na kuwekwa mafuta ndani, ukawa unazunguka ukijipaka mafuta wenyewe bila kuguswa na tope. Kifuniko hicho kiliongeza uzito na kufanya kazi ya kutoa gurudumu la nyuma kuwa ndefu, lakini baiskeli iliyokuwa nacho iliweza kutumika majira mengi ya baridi kwa mnyororo uleule.

Kwa wanawake, ambao idadi yao barabarani iliongezeka sana katika muongo huo, madigadi ya nyuma ilipewa kazi nyingine ambayo leo imesahaulika karibu kabisa. Kingo zake zilitobolewa safu ya vitundu vidogo, na kutoka kila kitundu uzi ulivutwa hadi karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, ukafanya wavu pande zote mbili ili sketi ndefu isiingie kwenye spoku. Mara nyingi nyuzi zenyewe zilikatika na kuachwa, lakini vitundu vilibaki, na kwa hivyo madigadi ya zamani yenye vitundu kingoni ni ushahidi wa nani aliyekusudiwa kuipanda.

Madigadi huzuia maji yanayotoka chini tu. Ya kutoka juu yalihitaji kitambaa. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alikuwa amepata hataza ya kuyeyusha mpira kwa nafta, kimiminika kilichotokana na lami ya makaa ya mawe, na kuubana kati ya vitambaa viwili. Nguo za kwanza za aina hiyo zilikakamaa kwenye baridi na kunata kwenye joto, kasoro iliyopungua katika miaka ya 1840 baada ya Charles Goodyear huko Marekani na Thomas Hancock huko Uingereza kupata hataza za kuchemsha mpira pamoja na salfa ili utulie. Kasoro moja haikuondoka: kitambaa kisichopitisha maji kutoka nje hakipitishi jasho kutoka ndani, na anayekanyaga pedeli akiwa amevaa koti la mpira hufika ameloa kwa maji yake mwenyewe.

Jibu la waendesha baiskeli wa Kiingereza kwa tatizo hilo lilikuwa kepu, yaani vazi pana lisilo na mikono linalofungwa shingoni na kuangukia pande zote. Mwendeshaji alilitandaza mbele mpaka likafunika usukani, akaingiza vidole gumba katika vitanzi vilivyoshonwa ndani yake ili upepo usilipeperushe, na nyuma akalifunga kiunoni kwa utepe. Hewa iliingia kutoka chini na kutoa jasho, magoti yakabaki makavu chini ya kitambaa, na likikunjwa lilitosha kufungwa nyuma ya tandiko. Ila uwazi uleule wa chini ungeingiza pia kila tone linalorushwa na gurudumu la mbele, kwa hiyo kepu bila madigadi ndefu ilikuwa kazi bure, na madigadi bila kepu ilikuwa nusu ya dawa. Vifaa hivi viwili vinapaswa kusomwa kama mpango mmoja, jambo ambalo makumbusho yanayotundika mavazi chumba kimoja na kuweka mashine chumba kingine hayalionyeshi. Kepu ilikuwa na hasara zake: upepo wa mbele uliishika kama tanga la mashua, na mikono iliyofichwa chini yake haikuweza kumwonyesha dereva wa nyuma kwamba mwendeshaji anakata kona.

Wakati mafundi wakipambana na tope kwenye baiskeli, vyama vya waendesha baiskeli vilikuwa vinalipiga vita kwenye asili yake. Cyclists' Touring Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1878 kwa ajili ya wasafiri wa baiskeli, kilishirikiana na National Cyclists' Union kuanzisha Roads Improvement Association mwaka 1886, chama cha kushinikiza mamlaka za wilaya zitengeneze barabara ipasavyo. Kwa bahati nzuri ya kijiografia, mwaka 1902 Edgar Purnell Hooley, mkaguzi wa barabara wa jimbo la Nottinghamshire, alipata hataza ya mchanganyiko wa lami na masalia ya tanuri za chuma, katika jimbo lilelile ambalo kiwanda cha Raleigh, chini ya Frank Bowden tangu mwishoni mwa 1888, kilikuwa kinakua kuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya baiskeli duniani. Lami iliondoa vumbi, ikaondoa tope, ikabadilisha kinachorushwa na tairi kuwa maji ambayo kwa kiasi kikubwa yalikuwa safi. Iliwavutia pia wenye magari, ambao katika muda mfupi walijiona kuwa ndio wenye barabara, na William Rees Jeffreys, aliyeanza harakati hizo akiwa mwanachama wa klabu ya baiskeli, akaja kuwa katibu wa bodi ya taifa ya barabara iliyoundwa mwaka 1910, wakati ambapo fedha zilitoka katika kodi za magari na mafuta. Mpanda baiskeli alilipigania zulia, akalikalia mgeni.

Kati ya vita viwili vya dunia baiskeli ilishuka bei, ikaanza kuuzwa kwa malipo ya awamu, na mbele ya mageti ya viwanda vya Uingereza umati wa baiskeli nyeusi ukawa jambo la kila siku. Mashine ya wakati huo ilikuwa na fremu nzito, tandiko la ngozi lenye springi, madigadi ndefu za bati, kifuniko cha mnyororo na breki za fimbo, yaani mfumo ambao vyuma vyembamba huunganisha mkono wa breki na vipande vya mpira vinavyovutwa juu kugusa upande wa ndani wa rimu. Mfumo huu uliiachia madigadi nafasi ya kutosha chini ya taji la foku, lakini ulikuwa dhaifu pale ulipohitajika zaidi, kwa sababu mpira unaposugua rimu ya chuma iliyopakwa kromi na kulowa, uwezo wa kushika unaweza kushuka hadi sehemu ya kumi ya ule wa siku kavu. Waliopanda siku za mvua walijifunza kugusa breki mapema ili kufuta maji kwenye rimu kabla ya kuhitaji kusimama. Ufumbuzi kamili ulikuwa kuingiza breki ndani ya habu, kama ilivyofanya kampuni ya Sachs ya Schweinfurt nchini Ujerumani mwaka 1903 kwa habu ya Torpedo inayosimama kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume, na Waholanzi waliupokea mtindo huo kwa moyo mkunjufu kuliko Waingereza.

Kutoka kipindi hicho imetoka alama ambayo bado inaonekana Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930 sheria ya Uingereza iliwataka wapanda baiskeli wa usiku wasio na taa ya nyuma wabebe kiakisi chekundu pamoja na eneo lililopakwa rangi nyeupe, na mahali panapofaa palikuwa mwisho wa madigadi ya nyuma. Viwanda vikapaka weupe huo kabla ya kuuza, vikaupeleka makoloni pamoja na baiskeli zenyewe, na baada ya uhuru waliorithi muundo huo, wakiwamo Hero wa Ludhiana, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1956, na Phoenix wa Shanghai, wakaendelea kuupaka. Baiskeli ambayo Wakenya waliiita Black Mamba, na ambayo Watanzania wengi waliijua kwa jina la Phoenix, ni ile baiskeli ya kiwandani ya Nottingham iliyohamishiwa mazingira ambayo haikukusudiwa. Madigadi yake ilipimwa kwa barabara ya lami yenye maji. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika tope halirushwi bali linanata, linajaza nafasi kati ya tairi na bati mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na mwendeshaji hulazimika kukigeuza chombo na kulikwangua kwa kijiti, au kumwambia fundi aifungue kabisa ya mbele mpaka mvua ziishe. Kwenye mji wenye lami madigadi ileile ilirudishiwa hadhi, ikaongezewa kipande cha mpira nyuma, ambacho wengi walikiandika maneno na kukipamba. Abiria wa bodaboda ya baiskeli, biashara iliyoanzia mpaka wa Kenya na Uganda eneo la Busia, alikaa kwenye keria moja kwa moja juu ya gurudumu la nyuma, na bila bati hilo chini yake asingekubali kupanda siku ya mvua.

Huko Uingereza kwenyewe mpasuko ulikuwa umeshaanza. Wanamichezo wa vilabu, waliotaka wepesi, walinunua madigadi za seluloidi, plastiki ya awali iliyotengenezwa kwa selulosi na kafuri, ambazo ziliwekwa msimu wa baridi na kufunguliwa siku ya mashindano. Zilitengenezwa na kampuni kadhaa, ikiwamo Bluemel ya Wolston karibu na Coventry, iliyokuwa imeanza kwa fimbo za kutembelea na vifaa vya miavuli. Kuweza kufunguliwa huku ndiko kulikokuja kuibadilisha hadhi ya madigadi, kwa maana kifaa kinachoweza kutolewa huhesabiwa hatimaye kuwa nyongeza. Mwaka 1949 Waingereza walisafiri kwa baiskeli zaidi ya kilomita bilioni 23. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiasi hicho kilikuwa kimeanguka chini ya bilioni 5, kwa kuwa mfanyakazi alikuwa amenunua gari au pikipiki, na baiskeli zilizobaki madukani ziliuzwa kwa sura ya mashindano, usukani wa kupinda chini, tairi jembamba na fremu iliyobana kiasi kwamba madigadi haikuwa na mahali pa kupita. Wimbi la baiskeli lililoikumba Marekani katika miaka hiyohiyo liliitapakaza sura hiyo, na baiskeli za milimani za miaka ya 1980 zilileta tairi nene lakini hazikurudisha bati.

Uholanzi haikufuata mkondo huo kwa ukamilifu. Watengenezaji kama Gazelle wa Dieren, kampuni ya mwaka 1892, waliendelea kuuza baiskeli yenye madigadi ndefu, kifuniko cha mnyororo kilichoziba, breki ndani ya habu na kitambaa kinachofunika sehemu ya juu ya gurudumu la nyuma ili koti lisinaswe, na wateja waliendelea kuinunua bila kuiona kuwa ya kizamani. Hali ya hewa ya Amsterdam haina tofauti kubwa na ya London. Tofauti ilikuwa kwamba upande mmoja muuzaji alimdhania mteja wake kuwa anakwenda kazini, na upande mwingine alimdhania kuwa anakwenda kufanya mazoezi.

Kumbukumbu ya ufundi wa zamani ilitunzwa na vilabu. Katika vilabu vingi vya Kiingereza asiye na madigadi siku ya mvua aliambiwa akae nyuma ya msafara, na Audax UK, chama cha safari ndefu kilichoundwa mwaka 1976, kwa miaka mingi kiliwataka washiriki wake wawe nazo. Walitambua pia hatari iliyojificha: kijiti au jiwe likinaswa kati ya tairi na madigadi ya mbele, bamba hujikunja, gurudumu hujifunga ghafla na mwendeshaji hurushwa juu ya usukani. Kampuni ya Kijerumani ya SKS iliipunguza hatari hiyo kwa kibanio cha plastiki kinachoachia vijiti vya mbele vinapovutwa kwa nguvu, kifaa kidogo kisichoonekana ambacho pengine ndicho maendeleo makubwa zaidi ya madigadi tangu rangi ya kuokwa.

Ugomvi mrefu kati ya breki na madigadi, zilizokuwa zikigombea nafasi ileile finyu juu ya tairi, umemalizwa na breki za diski, ambazo hushika sahani iliyofungwa kwenye habu na kuiacha rimu huru. Breki hizo hazidhoofiki sana kwenye maji, na fremu zinazozitumia huweza kubeba tairi pana na madigadi ndefu kwa pamoja. Baiskeli za umeme zinazonunuliwa kwa ajili ya kwendea kazini Ulaya nyingi hutoka kiwandani zikiwa na madigadi na taa tayari, kama ilivyokuwa kwa baiskeli nyeusi za Raleigh. Katika maduka mengi ya Uingereza, hata hivyo, baiskeli ya kawaida bado huuzwa bila madigadi, na mnunuzi anayezitaka hulipia kando, pamoja na gharama ya fundi wa kuzifunga.